Kuku wa Chanjo

Bandani,
6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Kifua hakikusumbui na baridi ya humo maabara? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti sasa si habari tena, limekuwa mkazi wa kudumu.

Barua hii nampa dereva wa gari la mayai, kama kawaida yetu. Usinitajie simu. Kwenye simu nasahau nusu ya niliyotaka kusema, na nusu nyingine mtandao unaimeza.

Jana kinyozi kanitia aibu mbele za watu. Nimekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa, najisifu kidogo, si unamjua baba yako. Nasema kuku wangu si kuku wa kitoweo, mayai yao yanakwenda kiwandani kutengenezea chanjo ya mafua, na binti yangu mwenyewe ndiye anayeyapokea. Jamaa akanisimamishia mashine kichwani. "Mzee, mbona chanjo ya surua mtoto akishachomwa basi, yamekwisha, lakini hii yenu ya mafua kila mwaka mnataka mkono wa mtu? Tena mimi mwaka jana nilichomwa na nikaugua vilevile." Loo! Miaka kumi na mmoja nalisha kuku wa chanjo, na swali hilo sijawahi kujiuliza. Nikajifanya nimepaliwa na povu la sabuni.

Nieleze basi, tena polepole, kama unamweleza mtu aliyeishia shule ya msingi, maana ndiye. Upande wa kuku sina shida. Najua kuwa naoga kabla sijaingia kwao, nikitoka naoga tena, viatu vya bandani havitoki bandani, na hata kasuku wa jirani haruhusiwi kusogelea ukuta. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nawatunza kuku kuliko ninavyomtunza yeye, na hakuwa akitania. Lakini yai likishapanda gari sijui linafanywa nini. Na kwa kuwa nyumba hii sasa ina mimi na wao tu, napenda kujua wanafanya kazi gani.

Ndimi baba yako.


Kiwandani,
11 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, baridi nimeizoea, navaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Goti lipake ile dawa niliyokuletea, usiiweke dirishani kama pambo.

Nimecheka peke yangu kwa habari ya povu. Kinyozi mwambie hivi. Surua ina sura moja. Mwili ukishaijua, umeijua. Mafua haya makali, siyo yale ya kupenga kamasi siku mbili, yana aina nyingi. Kuna kundi A na kundi B, na ndani ya hilo A kuna aina chungu nzima. Kirusi chake kimejaa vijiba kama miiba juu ya ngozi yake, vingine vya kung'ang'ania ndani ya koo, vingine vya kujinasua kikaambukize mbele. Na hivyo vijiba havitulii. Kila kirusi kinapozaliana kinajinakili ovyo ovyo, kinakosea hapa na pale, na baada ya mwaka askari wa mwili wanakiona, wanakifananisha, wanasitasita. Ndiyo maana mara mbili kwa mwaka wataalamu kutoka kila pembe ya dunia wanakutana, wanaangalia aina zipi zinatembea, wanachagua zitakazowekwa kwenye chanjo ya msimu ujao. Wakati mwingine kirusi kinawageuka njiani, chanjo inapungua nguvu. Huenda ndicho kilichompata kinyozi. Au alikuwa ameshaambukizwa alipochomwa, maana mwili unataka kama wiki mbili kujiandaa. Lakini mwulize kitu kimoja: alilazwa? Wengi waliochanjwa wakiugua, wanaugulia nyumbani, wanaamka.

Sasa mayai yako. Yanakaa kwenye joto siku kumi na moja. Kisha mimi mwanao nayamulika moja moja kwenye chumba cha giza. Lililo hai lina mishipa myekundu na kitone kinachezacheza. Lililokufa nalitoa. Yaliyo hai tunayatoboa tundu dogo, tunadunga ile aina iliyochaguliwa, inazaliana humo siku mbili tatu. Halafu tunavuna majimaji, tunakisafisha kirusi, tunakiua, tunakivunja vipande. Kinachoingia mkononi mwa kinyozi ni hivyo vipande, ili mwili wake uvione uvizoee kabla kirusi chenyewe hakijaja. Maiti iliyokatwa vipande haiwezi kumwambukiza mtu, aache kusingizia.

Kwa hiyo Baba, kuku wako wakipata mafua ya ndege, yai linafika hapa na mgeni ambaye hatukumwalika. Kuoga kote kule ni kwa sababu hiyo, si kwamba wanakuonea.

Halafu wewe umechanjwa mwaka huu? Usinijibu habari za goti.

Binti yako akupendaye.


Bandani,
2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo si mzima. Homa, kikohozi, mwili unauma kama niliyebeba magunia. Kinyozi naye anaugua, na nusu ya wateja wake. Chanjo sijachoma, usianze.

Nina jambo, na nakuandikia kama baba kwa mwanawe, siyo kama mfugaji kwa kiwanda. Isome, uichane.

Pampu ya kisima ilikufa katikati ya mwezi uliopita. Fundi alisema kazi ya siku moja, akachukua nne. Kuku elfu mbili na mia mbili hawamsubiri fundi. Nikachota maji kwenye bwawa la nyuma. Najua, najua, bata mwitu wanatua pale. Nilichuja kwa kitambaa. Kiwandani sikusema kwa sababu mkataba wetu unasema maji yakibadilika banda linasimamishwa, nikajiambia ni siku nne tu, nani atajua.

Wiki iliyopita wakaanza kukoroma. Macho yamevimba, maganda ya mayai laini kama karatasi. Wameshakufa tisa. Nilikuwa napakia trei mia mbili kila gari, leo ni mia na ishirini. Dereva kaniuliza, nikamwambia kuku wanapukutisha manyoya. Nimechagua yenye ganda zuri, nikayapakia.

Niambie niwape dawa gani. Usimwambie mtu. Nina wewe tu wa kumwambia.

Baba yako.


Kiwandani,
4 Machi

Shikamoo Baba,

Pole sana kwa homa. Barua nimeipata na nimeisoma.

Nitakuja Jumapili, nitakuletea dawa ya kikohozi. Mpaka nije, funga kitambaa puani na mdomoni kila unapoingia bandani, na usichinje wala kuuza hata kuku mmoja. Usijisumbue kupika.

Mwanao.


Bandani,
15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Haya, tumeulizana hali.

Kuku hawapo. Jumatano saa mbili asubuhi yalikuja magari matatu, watu kumi na wawili wamevaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka kwenye buti. Walikuwa wapole, siwezi kuwasingizia. Walishusha mitungi ya gesi, na kufika saa kumi banda lilikuwa kimya. Umewahi kusikia banda la kuku elfu mbili likinyamaza? Mimi sikuwahi. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya watoto wa watu. Sioni haya kukuambia.

Hilo la kuku nimelilia na litapita. Walikuwa wagonjwa, niliwaona kwa macho yangu. Ninachokuandikia ni kingine.

Nilimwuliza daktari wa mifugo aliyewaongoza, mmejuaje? Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu dereva. Akafungua faili, akatoa karatasi. Ilikuwa kopi, lakini mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Wangu. Mtu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya neno bwawa, chini ya bata, chini ya trei mia na ishirini. Akanisomea kwa sauti ili nithibitishe: "Nakuandikia kama baba kwa mwanawe." Wale vijana wakatazama chini. Akaniuliza, "Mzee, haya ni maneno yako?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Ndipo nikaikumbuka Jumapili. Ulikuja, ukanipa shikamoo, ukanikumbatia. Nilikuwa nimesimama jikoni na homa yangu nakukaangia viazi. Ukasema ngoja nikawaone kuku. Nikafurahi, mjinga mimi, nikasema binti yangu hajawasahau. Kumbe mfukoni una vijiti vyako vya pamba. Ukarudi, ukanawa, ukala, ukasifu viazi. Kisha ukasema, "Baba, fungua mdomo nikupake dawa ya koo." Nikafungua mdomo kama mtoto. Ukanisugua huko nyuma nikakohoa mpaka machozi, tukacheka wote wawili. Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza kuwa ile haikuwa dawa. Ilikuwa sampuli.

Umeniuza. Sina neno jingine, nimelitafuta siku nne. Kiwanda kingenizunguka ningesema ndiyo kazi yao. Wewe? Ulikaa kwenye meza ya mama yako na ulikuwa umeshanitoa. Ungesema tu, "Baba, lazima waje." Uliona sistahili hata hilo?

Mimi, baba yako.


Kiwandani,
19 Machi

Shikamoo Baba,

Homa imeshuka? Unakula? Najua hutaki kunijibu hayo, lakini siwezi kuanza bila kuuliza.

Sitakudanganya. Barua niliitoa mimi. Nilipomwendea Meneja aliniuliza umejuaje. Mkataba unasema kiwanda kikitaka kukagua banda kitoe taarifa siku saba kabla, isipokuwa kama kuna ushahidi wa maandishi. Siku saba ni magari mawili zaidi ya mayai. Nikamwonyesha. Akaenda nayo kwenye mashine ya kopi mbele yangu, nami nikasimama nikaangalia ile taa inavyopita. Sikujua kwamba wangekusomea. Lakini pia sikuuliza wangeitumia vipi, na nilikuwa na mdomo wa kuulizia.

Kwa nini sikusema mezani? Niliogopa. Ulishamdanganya dereva usoni. Nikafikiri nikikuambia, jioni hiyohiyo utaita lori, kuku watatawanyika masokoni kabla hakujakucha, na kila mtu aliyewashika angeondoka na kilicho ndani yao.

Majibu yametoka. Kuku walikuwa na mafua ya ndege. Siyo ile aina inayofagia banda kwa siku mbili, ni mdogo wake mpole, ila huyo mpole akiachwa kwenye banda lililojaa huweza kugeuka. Na wewe Baba una mafua ya watu, yaleyale ya kinyozi. Sikiliza hili, hata kama umekasirika. Kirusi cha mafua kinabeba mzigo wake katika vipande vinane. Virusi viwili vya aina tofauti vikiingia kwenye mwili mmoja, ni kama wasafiri wawili waliolala chumba kimoja wakafunga mizigo taa imezimika, huyu anaondoka na mashati ya yule. Anaweza kutoka humo mmoja mpya, ana sura ya mafua ya kuku na ana wepesi wa kurukia watu, na hakuna chanjo inayomjua kwa sababu walipokaa kuchagua hakuwepo. Wewe ulikuwa ndani ya lile banda kila siku, unakohoa wewe na wanakoroma wao. Chanjo uliyokuwa ukiikimbia isingekukinga na mafua ya kuku, lakini ingepunguza uwezekano wa hao wawili kukutana kifuani mwako. Nilikuwa naogopa kukuzika, Baba. Na nilikuwa naogopa watu wengine wangezika wa kwao.

Sasa na mimi niseme langu. Unasema nimekuuza. Wewe ulinifanya nini? Ulimpa dereva barua ya siri kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukampakilia trei mia na ishirini kutoka kwenye banda lenye ugonjwa. Na magari mawili kabla ya hilo, ulikuwa umeshawasikia wakikoroma. Nilikuandikia kwa mkono wangu nani anayeyapokea. Hayo mayai niliyapakua mimi, barua yako ikiwa mfukoni sijaifungua! Ilibidi tuteketeze chumba kizima cha joto, pamoja na mayai ya wafugaji wengine walionyooka. Mimi na wenzangu watano tulitengwa siku kumi toka Jumatatu, kesho yake nilipotoka kwako, tunapimwa kila asubuhi, mmoja wao ananyonyesha. Na chanjo ya msimu huu itachelewa. Ulinichagulia yenye ganda zuri, Baba. Mimi mwanao.

Hata hivyo, kwa ile dawa ya koo ambayo haikuwa dawa nakuomba radhi. Hiyo nilikudanganya, na sina cha kujitetea.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Binti yako.


Kiwandani,
20 Aprili

Shikamoo Baba,

Mwezi umepita. Gari la mayai halipiti tena huko kwako, kwa hiyo hii naitia posta.

Tumetoka karantini, wote sita wazima, na mama anayenyonyesha amerudi kazini. Nilimpigia kinyozi. Akaniambia umekwenda kunyoa mara mbili na kwamba umekaa kitini kimya mwanzo mpaka mwisho, hata yeye akaingiwa na hofu. Nilipokata simu nililia.

Meneja anasema banda likisafishwa na kukaa wazi muda unaotakiwa, unaweza kupewa vifaranga upya. Nilisema nikuandikie habari hiyo, lakini siyo iliyonikalisha hapa. Nataka kuja. Nitajie siku, nichukue ruhusa. Au siku usinitajie, niambie tu njoo.

Mwanao.


Bandani,
3 Mei

Kwa Mpokeaji wa Mayai,
Kiwanda cha Chanjo.

YAH: HALI YA MFUGAJI

Rejea barua yako ya tarehe 20 Aprili.

Mfugaji ameipokea. Anamshukuru Mungu kwa majibu mazuri ya wafanyakazi sita, hasa yule mwenye mtoto mchanga. Mfugaji mwenyewe amepona. Tarehe 27 Aprili alikwenda zahanati akachomwa chanjo ya mafua, mkono ukauma siku moja. Sababu alizoandikiwa amezisoma zaidi ya mara moja na amezielewa.

Mfugaji anakiri kwamba mayai ya tarehe 2 Machi, na ya magari mawili yaliyotangulia, hayakupaswa kupakiwa. Alijua yanakwenda mikononi mwa nani na akayapakia. Alijipumbaza na maganda mazuri. Kwa hilo anaomba radhi, na radhi hii inaweza kuwekwa kwenye faili.

Iwekwe pia, kwa kumbukumbu, kwamba hakuna lori lililoitwa wala lililokusudiwa kuitwa. Mfugaji alikuwa amefunga geti kwa kufuli tangu siku alipopokea barua ya tarehe 4 Machi, akimsubiri mgeni wa Jumapili amwambie la kufanya. Angeambiwa, angewaita wale watu yeye mwenyewe.

Kuhusu ombi la kuja: banda liko wazi kwa ukaguzi siku za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mkaguzi aje na kitambulisho.

Barua hii imeandikwa kwa mkono mara tatu, ili mpokeaji asisumbuke kwenda kwenye mashine ya kopi.

Mfugaji.

Nakala kwa:
Meneja wa Kiwanda
Daktari wa Mifugo